Mtetea Akichanjwa, Kifaranga Hurithi Nini?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri ametuomba sisi wa Kidato cha Nne kwamba, kabla hatujaondoka, kila mmoja aandike juu ya jambo moja alilojifunza hapa shuleni ambalo halimo katika mitihani. Langu mimi limetoka katika banda la kuku, nami nalileta kwenu pamoja na aibu yake.

Wanaokaa bwenini watakumbuka kwamba muhula wa kwanza mradi wetu wa kuku ulipata hasara. Mimi ndiye niliyekuwa na zamu ya chanjo. Tulikuwa na vifaranga 46, wote wa mitetea yetu wenyewe, nao mitetea hao huchanjwa dhidi ya mdondo kila baada ya miezi mitatu. Vifaranga walipotimiza siku mbili nilimtia kila mmoja tone moja la chanjo jichoni, nikaandika katika daftari "Tayari." Mwalimu wetu wa Kilimo alikuwa ameniagiza nirudie tone hilo watakapofika wiki ya nne. Nami nikajiona mwerevu. Nikasema moyoni: mama zao wamechanjwa, na wao wenyewe wamechanjwa, tone la tatu ni la nini? Sikurudia, wala sikumwambia mtu.

Wiki ya saba mdondo ukaingia bandani. Vifaranga walianza kusinzia, wakaharisha uharo wa kijani, wengine wakapinda shingo. Kwa muda wa siku tano tukabaki na 9.

Fedha ya kuku wale ilikuwa imekwisha kupangwa. Tulikubaliana katika chama chetu cha wakulima kwamba iwe nauli ya wenzetu wawili ambao makwao ni mbali sana, wapate kwenda kuwaona wazazi wao wakati wa likizo. Hawakwenda. Sisi wengine tulipanda basi, wao wakabaki shuleni pamoja na mlinzi. Shule ilipofunguliwa niliwaendea nikawaeleza kosa langu lote. Mmoja wao, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, ndugu yangu, yamekwisha. Lakini nimesoma mahali kwamba wataalamu wamepata kumchanja mtetea, si kwa ugonjwa, bali ili vifaranga wake wawe na misuli minene. Wewe ndiwe mtu wa chanjo. Tafuta habari zake. Tukiipata dawa hiyo tutauza mapema, na hasara itarudi."

Nilimwahidi kwamba nitatafuta. Nimesoma, nimewauliza walimu wa Biolojia na wa Kilimo, na haya ndiyo majibu yangu kwake. Nimeona vema niyaandike ili na wengine wafaidike.

MAMA HUWEKA NINI NDANI YA YAI

Tukivunja yai twaona ute na kiini. Sote tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba kiini ni chakula cha kifaranga. Hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Ndani ya kiini mna chakula na mna kinga pia.

Damu ya kuku, kama damu yetu, ina protini ziitwazo kingamwili. Kazi yake ni kumtambua mgeni, yaani kijidudu au sumu, na kumng'ang'ania hata asiweze kufanya kazi yake. Kila kingamwili ina mgeni wake: ile iliyofanyizwa kwa ajili ya mdondo haina habari na ndui ya kuku. Chanjo ni njia ya kuufundisha mwili kufanyiza kingamwili kabla adui wa kweli hajafika. Na katika elimu hii kuku wana heshima kubwa, maana mwaka 1880 Mfaransa Louis Pasteur alieleza jinsi alivyowakinga kuku na kipindupindu cha kuku kwa kuwatia vijidudu vya ugonjwa huo huo vilivyokwisha kudhoofishwa.

Miaka 13 baadaye, yaani mwaka 1893, Mjerumani Felix Klemperer alifanya jaribio ambalo yafaa kila mwanafunzi wa Biolojia alijue. Aliwakinga kuku dhidi ya pepopunda. Kisha akachukua viini vya mayai yao akawatia panya, na panya wale wakaihimili pepopunda. Panya hawakuchanjwa, waliochanjwa ni kuku. Basi ikabainika kwamba kinga iliyo katika damu ya mtetea huingia katika kiini cha yai lake.

Safari ya kinga hiyo ni hivi. Kiini hakifanyiki kwa siku moja. Hukua upesi katika siku kama 10 za mwisho kabla ya yai kutagwa, na wakati huo hupokea kingamwili kutoka katika damu ya mtetea. Kwa hiyo yai linalotagwa siku ya pili baada ya chanjo halina faida ya chanjo ile. Sharti kwanza mwili wa mtetea ufanyize kingamwili, kisha zipite siku tano au sita hivi ndipo zionekane katika kiini cha yai lililotagwa.

Yai likiisha kuatamiwa, kiinitete huzinyonya kingamwili hizo kupitia utando wa mfuko wa kiini. Hapo mwanzo hunyonya kidogo kidogo. Kwa wingi hasa huzinyonya katika siku tatu za mwisho kabla ya kuanguliwa, yaani kabla ya siku ya 21. Tafadhali, msomaji, zikumbuke siku hizo tatu, maana tutazirudia huko mbele. Na hata kifaranga akiisha kutoka ganda, masalio ya kiini bado yamo tumboni mwake, ndiyo maana kifaranga wa siku moja aweza kusafirishwa njia ndefu kabla hajaonja punje.

HESABU YA AKIBA

Kingamwili za mama hazizaani ndani ya mwili wa mtoto. Kifaranga hupewa akiba tu, nayo hutumika mpaka ikaisha. Kwa kinga ya mdondo imeonekana kwamba akiba hii hupungua nusu kila baada ya siku nne na nusu hivi. Tuseme kifaranga ameanguliwa na vipimo 64. Hesabu yake itakuwa hivi:

Siku ya kuanguliwa: vipimo 64
Siku ya 4 na nusu: vipimo 32
Siku ya 9: vipimo 16
Siku ya 13 na nusu: vipimo 8
Siku ya 18: vipimo 4
Siku ya 22 na nusu: vipimo 2
Siku ya 27: kipimo 1

Nilipoiandika hesabu hii ubaoni mbele ya mwalimu ndipo nilipoliona kosa langu. Chanjo tunayotumia ni virusi hai walio wapole. Ili ifanye kazi hapana budi wale virusi wazaane kwanza katika mwili wa kuku, mwili uwaone, ujifunze. Mimi niliwatia vifaranga tone siku ya pili, wakati akiba ya mama ilikuwa karibu kamili. Kingamwili za mama haziwezi kupambanua baina ya kirusi cha ugonjwa na kirusi cha chanjo, maana sura zao ni moja. Ziliishika chanjo yangu kabla haijafundisha kitu cha kutosha. Kwa maneno mengine, mama alimlinda mwanawe na dawa yangu. Kisha akiba ikapungua siku hata siku, na ilipofika wiki ya nne kifaranga hakuwa na kinga ya mama wala ya kwake. Tone la pili ndilo lililokuwa mlango wa kuokokea, nami niliufunga kwa werevu wangu.

Haya nimeyatanguliza kwa sababu njia ni ile ile moja. Ikiwa mtetea aweza kumpa mwanawe kinga ya ugonjwa, aweza kumpa kingamwili ya kitu chochote ambacho mwili wake umefundishwa kukishika. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuwaza habari za misuli.

BREKI YA MISULI

Kwa muda mrefu watu walijua kwamba misuli hukua kwa chakula na kwa kazi. Mwaka 1997, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Se-Jin Lee na Alexandra McPherron pamoja na mwenzao walitangaza kwamba mwilini mna protini ambayo kazi yake ni kuizuia misuli isikue kupita kiasi. Protini hiyo yaitwa miostatini. Waliwafuga panya ambao jeni ya miostatini imeharibiwa, na panya hao wakawa na misuli yenye uzito mara mbili mpaka mara tatu kuliko panya wa kawaida. Kama gari liwavyo na breki, basi miostatini ndiyo breki ya misuli.

Mwaka huo huo ikajulikana pia siri ya ng'ombe wa Ubelgiji waitwao Belgian Blue. Ng'ombe hao wana mapaja na mabega yaliyovimba kwa nyama kana kwamba wamechongwa. Wafugaji walikuwa wakiwachagua na kuwazalisha kwa miaka mingi bila kujua sababu. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba jeni yao ya miostatini ina kasoro; breki imekatika tangu kuzaliwa. Lakini nyama ile ina gharama yake. Ndama huwa mnene na njia ya mama ni nyembamba, na kwa hiyo sehemu kubwa ya ng'ombe hao huzalishwa kwa kupasuliwa tumbo na daktari wa mifugo. Nilipoyasoma hayo niliyatia alama, nikasema: hapa pana somo la pili, nitalirudia.

Kuku naye ana miostatini. Wale wataalamu wa Baltimore waliilinganisha miostatini iliyokamilika ya binadamu, panya, nguruwe, kuku na bata mzinga, wakaona zimefanana kabisa, hatua kwa hatua, bila tofauti hata moja. Mwenyezi Mungu ameitumia breki ile ile katika viumbe wengi.

KUMCHANJA MTETEA DHIDI YA KITU CHAKE

Sasa tufike kwenye sindano yenyewe. Kuna njia mbili za kuipunguza nguvu breki ya kuku. Ya kwanza ni kuigeuza jeni, kama ile ya panya wa Baltimore. Ya pili ni kuiacha jeni kama ilivyo, ila kuishika miostatini yenyewe kwa kingamwili isiweze kufanya kazi. Hii ya pili haibadili uzao. Kifaranga akikua akataga, mayai yake hayatakuwa na kitu hicho, isipokuwa naye achanjwe.

Lakini hapa pana kikwazo. Mwili wenye afya hauvishambulii vitu vyake wenyewe. Ukimdunga mtetea miostatini tupu, mwili wake utasema, "Huyu ni wa nyumbani," na kumwacha apite. Na kwa kuwa miostatini za wanyama wengi ni sawasawa, kutumia ya nguruwe au ya panya hakusaidii. Dawa ya kikwazo hiki ni kuifunga miostatini, au kipande chake, pamoja na protini ya kiumbe wa mbali sana, mgeni halisi. Mwili humkamata mgeni, na katika kumkamata hujifunza pia sura ya yule wa nyumbani aliyefungwa naye. Ndipo mtetea afanyizapo kingamwili za kuishika miostatini, zikaingia katika kiini, na kutoka kiinini zikaingia katika damu ya kifaranga. Kifaranga mwenyewe hajaguswa na sindano.

Kuna pia njia ya mkato. Badala ya kumngoja mtetea afanyize kingamwili, hufanyizwa mahali pengine na kudungwa moja kwa moja ndani ya yai linaloatamiwa. Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitangaza jaribio la namna hii. Walifanyiza kingamwili ya kuishika miostatini, wakaitia katika kiini cha mayai ya kuku wa nyama, wakawalea vifaranga waliotoka. Vifaranga hao walizidi uzito na misuli kuliko wenzao ambao mayai yao hayakutiwa. Walizidi kwa kiasi kidogo. Hawakuwa mara mbili kama panya wa Baltimore. Hata hivyo jambo limethibitika: kilichomo ndani ya kiini chaweza kugusa misuli ya kuku ambaye bado hajaliona jua.

Wala msomaji asistaajabu sana kusikia yai linadungwa sindano. Huko Marekani, tangu mwaka 1992, zimetumika mashine za kuchanja vifaranga wangali ndani ya ganda, kama siku ya 18 ya kuatamiwa, hasa dhidi ya ugonjwa wa Marek.

SAA YA KUFIKA

Mwenzangu aliposikia hayo alifurahi, akasema, "Basi lawezekana!" Nikamwambia angoje, tulifikiri kwa makini, maana hesabu ya siku iliyoniadhibu mimi yaweza kuiadhibu na sindano hii.

Misuli imefanywa kwa nyuzi. Katika kuku, idadi ya nyuzi hizo karibu yote hukamilika kabla hajaanguliwa. Akiisha kutoka nje, nyuzi haziongezeki; hunenepa tu, kila moja mahali pake. Mfano wake ni nyumba: vyumba huhesabiwa wakati wa kujenga, na baadaye waweza kuongeza unene wa kuta tu.

Sasa zikumbuke zile siku tatu. Kingamwili nyingi za mama humfikia kifaranga mwishoni kabisa, siku ya 18 mpaka ya 21, wakati ambapo vyumba vimekwisha kuhesabiwa. Zilizofika mapema ni chache. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tusitegemee kwamba mtetea aliyechanjwa atamzidishia sana kifaranga wake idadi ya nyuzi. Faida kubwa itakuwa katika kunenepesha nyuzi zile zilizopo, tena katika wiki za mwanzo tu, maana akiba hupungua nusu kwa nusu kama tulivyoona. Siku ya 27, aliyeanza na vipimo 64 amebakiwa na kimoja, na kuku wa kienyeji huuzwa akiwa na umri wa miezi. Huenda ndiyo maana wale wa Hawaii hawakungoja siku za mwisho, bali waliweka kingamwili ndani ya kiini wao wenyewe.

Kuna na jambo jingine la kuangalia. Miostatini ina ndugu yake katika mwili, protini inayofanana naye sana, ambayo katika kiinitete husaidia kupanga mifupa ya uti wa mgongo. Kingamwili isiyochagua vizuri yaweza kumshika ndugu asiye na kosa. Kwa hiyo kazi hii yataka kingamwili iliyochujwa na kupimwa kwa uangalifu, tena katika maabara yenye vyombo, wala si kazi ya kubahatisha nyuma ya banda.

JE, TUITAKE SINDANO HIYO?

Hapa najibu swali la mwenzangu waziwazi. Kwanza, dawa hiyo si kitu ambacho mfugaji aweza kukinunua. Ukienda kwa Bwana Mifugo utapata chanjo ya mdondo, huenda na ya ndui na ya gumboro. Ya miostatini hutaikuta.

Pili, nguvu ya kuongeza nyama ya kuku kwa kuchagua uzao imekwisha kuonekana bila sindano yoyote. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza jinsi walivyolea pamoja kuku wa uzao wa namna tatu, kwa chakula kile kile. Wa kwanza ni wa uzao uliohifadhiwa bila kuchaguliwa tangu mwaka 1957, wa pili tangu mwaka 1978, na wa tatu ni kuku wa nyama wa mwaka 2005. Walipotimiza siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202. Wako watu mitaani wasemao kwamba kuku wa kisasa hukua upesi kwa sababu hudungwa dawa za kukuza. Jaribio hili lawajibu: chakula kilikuwa kimoja, tofauti ilikuwa katika uzao.

Tatu, na hili ndilo lile somo nililotia alama. Kuku wa nyama akuaye upesi hupata taabu ya miguu, maana mifupa haiendi sawa na uzito, na wengine hujaa maji tumboni kwa sababu moyo na mapafu havitoshi kuuhudumia mwili. Ng'ombe wa Ubelgiji alipata nyama akapoteza njia rahisi ya kuzaa. Breki haikuwekwa mwilini bure. Mtu akitaka kuilegeza sharti aulize: je, miguu itabeba? Moyo utatosha? Nani atalipa ikiwa havikutosha? Sisemi kwamba wataalamu wasitafute. Nyama ni chakula, na watu wanaoihitaji ni wengi. Nasema kwamba mizani peke yake haitoshi kuwa shahidi. Yafaa tumtazame na kuku mwenyewe akitembea.

Nne, na mwisho. Tulipofanya hesabu ya banda letu, mimi na mwenzangu, tuliona kwamba hatukupoteza fedha kwa sababu kuku wetu ni wembamba. Tuliipoteza kwa sababu kuku 37 walikufa. Hata kama vifaranga wetu wangezaliwa na mapaja ya Ubelgiji, mdondo ungewachukua vile vile. Aliye na shimo katika gunia hahitaji gunia kubwa zaidi. Ahitaji sindano na uzi.

TUNAVYOFANYA SASA

Tumeandika utaratibu wetu kwenye ubao wa mlangoni, mahali ambapo kila mwenye zamu ataona:

1. Matemba wachanjwe kabla hawajaanza kutaga, ili hata mayai ya kwanza yawe na akiba.
2. Mitetea na majogoo wote warudiwe kila baada ya miezi mitatu.
3. Kifaranga atiwe tone, na tone lirudiwe akifika wiki ya nne, hata kama mama yake amechanjwa. Na hasa kama mama yake amechanjwa.
4. Neno "Tayari" lisiandikwe na mtu mmoja. Waandike wawili.

Kanuni ya nne ni ya mwenzangu yule wa kitanda cha jirani. Ndiye aandikaye pamoja nami. Ninapoandika makala haya tuna vifaranga 31, wana siku 24. Jumamosi ijayo ni zamu ya tone la pili, na daftari liko juu ya meza yake. Alinitania jana usiku akasema, "Bwana Daktari, misuli tutaitafuta baadaye; kwanza wawe hai." Nauli za likizo ijayo zimo katika vifaranga wale.

Basi, wasomaji, nilidhani kwamba kumchanja kuku ni kumtia tone na kuandika katika daftari. Sasa najua kwamba amchanjaye mtetea huandika barua kwa mtoto ambaye bado hajatungwa katika yai. Barua hiyo huchukua siku zake kufika, husomwa kwa muda mfupi, kisha hufutika. Awe anaandika habari za mdondo au habari za misuli, mwandishi asiyezijua siku za posta atapata hasara kama niliyoipata mimi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtetea alichanjwa Jumatatu akataga Jumanne. Kwa nini yai la Jumanne halina faida ya chanjo ile?
2. Kifaranga ameanguliwa na vipimo 32 vya kinga ya mdondo. Atafikia kipimo 1 siku ya ngapi? Je, yafaa arudiwe chanjo mapema au baadaye kuliko yule wa vipimo 64?
3. Eleza kwa nini miostatini ya nguruwe, ikidungwa peke yake, haiwezi kumfanya kuku afanyize kingamwili.
4. Mfugaji mmoja ana fedha ya kununua kitu kimoja tu: chanjo ya mdondo, au vifaranga wa uzao unaokua upesi. Umshauri nini? Toa sababu zako, na uwaulize wazazi wako wakati wa likizo kama wanakubaliana nawe.